Njia ya Mgonjwa: Historia ya Tiba ya Dharura Katika Delta ya Rufiji

Historia ya afya katika nchi yetu kwa kawaida huandikwa kama historia ya majengo. Tunahesabu hospitali alizotuachia mkoloni, tunahesabu zahanati tulizojenga wenyewe baada ya Uhuru, tunatoa hesabu ya kwanza katika hesabu ya pili, na kinachobaki tunakiita maendeleo. Katika madarasa ya siasa, kada akiulizwa kijiji chake kimepiga hatua gani katika afya, jibu lake la kwanza karibu kila mara huwa ni jengo. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi. Makala hii inakusudia kuonyesha upungufu wake kwa kutazama sehemu moja tu ya nchi, yaani delta ya Rufiji na nchi ya Kibiti iliyo kaskazini ya mto, pamoja na vijiji vya ukingoni kama vile vya kata ya Mtunda.

Sehemu hii imechaguliwa kwa makusudi. Mto Rufiji unapokaribia Bahari ya Hindi hugawanyika katika mikono mingi, na kati ya mikono hiyo kuna visiwa vya matope na msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mingine yote ya pwani ya Afrika Mashariki. Watu wa Mbwera, Msala, Salale na Maparoni husafiri kwa mtumbwi na mashua, na safari zao hupangwa na maji kujaa na maji kupwa. Mahali kama hapa, mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, mtoto mwenye degedege, au mkulima aliyekamatwa na mamba hawapati tiba kwa sababu tu kuna jengo lenye dawa mahali fulani. Wanaipata wakifika kwa wakati. Kwa hiyo basi swali la kihistoria ni hili: katika kila kipindi, ni nani aliyekuwa na njia ya kutoka, na njia hiyo ilifunguliwa kwa ajili ya kubeba nini?

Bidhaa zilikuwa na njia

Ni kosa kudhani kwamba delta ilikuwa pembe iliyosahauliwa. Kwa karne nyingi boriti za mikoko zilikatwa hapa na kupakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, ambako nyumba zilijengwa kwa mti wa Rufiji. Katika karne ya 19 mpunga wa delta ulilisha Unguja. Wafanyabiashara walizifahamu njia za maji za Rufiji vizuri kuliko baadhi ya maofisa wetu wanavyozifahamu leo. Wajerumani nao hawakuchelewa kuona mali hiyo: mwaka wa 1898 mikoko iliwekwa chini ya hifadhi ya serikali, ili faida ya boriti ipite mikononi mwao. Kisha ikaja kodi ya nyumba, na baada yake pamba ya lazima.

Tiba ya wananchi wakati huo ilikuwa ya waganga wa mitishamba na wakunga wa vijijini. Tusiitukuze kupita kiasi. Wakunga walijua mengi, lakini hakuna mzizi unaozuia damu ya uzazi iliyokwisha kufunguka. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba vita kubwa kuliko zote alizopigana mkulima wa sehemu hii dhidi ya Mjerumani ilianza kwa jina la dawa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji, na watu walitembea siku nyingi kwenda kuyapata. Tumezoea kuifundisha Maji Maji kama historia ya umoja, na ni haki yetu. Lakini umati ule unatuambia pia kwamba watu walikuwa tayari kuacha mashamba na kufunga safari ndefu kufuata kinga ya mwili, pale walipoamini kwamba ipo. Jibu la dola lilitolewa Mohoro, penye boma la Wajerumani, ambako Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905.

Miaka kumi baadaye ulitokea mfano ulio wazi zaidi. Manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg ilijificha katika mikono ya delta baada ya kushambulia Zanzibar mwezi Septemba 1914, na ilizamishwa humo tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ilitolewa majini na kupelekwa Dar es Salaam kwa mabega na kamba za wapagazi, ipate kutumika tena vitani. Ndugu msomaji, hebu ufikirie uzito wa chuma kile, kisha ufikirie uzito wa mwanamke mmoja mwenye uchungu wa kuzaa. Ubeberu ulipotaka kitu kitoke delta, kilitoka. Katika vita hiyo hiyo Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa wala si kwa risasi. Mwanzoni mwa 1917 majeshi yalikwama kwenye mto huu huu, katika mvua na malaria, na wapagazi ndio walioubeba mzigo wa kukwama huko.

Dresa na hospitali ya boma

Waingereza waliweka makao ya wilaya Utete. Uamuzi huo ulikuwa wa utawala wa kodi na mashauri, lakini matokeo yake yalikuwa ya kitabibu, kwa sababu penye boma ndipo palipokuja kuwa na hospitali ya wilaya. Na Utete iko ng'ambo ya kusini ya mto. Kwa hiyo kila mtu wa kaskazini, kuanzia Bungu na Kibiti mpaka Mtunda na Ruaruke, aliandikiwa hospitali ambayo kati yake na yeye kulikuwa na Rufiji, mto unaofurika karibu kila mwaka. Hakuna aliyekaa mezani akasema watu hawa wachelewe. Palichaguliwa mahali pa kumfaa mtawala, na wagonjwa wakafuata.

Kwa vijiji, serikali ya kikoloni ilianzisha mwaka wa 1926 mpango wa madresa. Kijana alifundishwa kwa muda mfupi kusafisha vidonda, kufunga bandeji na kugawa dawa chache, kisha akarudishwa kwao kufanya kazi chini ya utawala wa wenyeji, ambao ndio uliomlipa kutoka katika fungu la kodi ya wananchi. Mpango huo ulikuwa rahisi kwa mkoloni, na unyonge wake ulikuwa katika urahisi huo. Dresa alifaa kwa donda ndugu. Kwa tumbo lililopasuka ndani, au mtoto aliyekaa vibaya tumboni, hakuwa na la kufanya ila kuwaambia ndugu wamchukue mgonjwa, na wao walimchukua kwa machela au mtumbwi.

Wakati huo huo huko Dar es Salaam tiba iligawanywa kwa rangi. Hospitali ya Ocean Road, tangu enzi ya Wajerumani, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikwenda Sewa Haji, hospitali iliyopewa jina la mfanyabiashara aliyetoa fedha za kuijenga. Ilipofunguliwa Hospitali ya Princess Margaret mwaka wa 1956, ambayo baadaye tuliiita Muhimbili, ukoloni ulikuwa umebakiwa na miaka mitano tu ya kuishi.

Zahanati kila mahali, gari hakuna

Tanganyika ilipata Uhuru mwaka wa 1961 ikiwa na madaktari wananchi 12. Vituo vya afya vijijini vilikuwa 22, na zahanati zilikuwa 975. Ripoti ya mwaka 1964 ya jopo lililoongozwa na Profesa Titmuss ilishauri nguvu zielekezwe katika vituo vya afya badala ya hospitali kubwa za mijini, lakini kwa miaka kadhaa fedha nyingi ziliendelea kumezwa na hospitali. Ilibidi lije Azimio la Arusha la 1967, na hasa uamuzi wa Mkutano Mkuu wa TANU wa 1971 wa kuyapa maji, elimu na afya ya vijijini nafasi ya kwanza, ndipo mwelekeo ubadilike kweli. Kufikia 1980 vituo vya afya vilikuwa 239 na zahanati zipatazo 2,600. Nchi nyingi zilizokuwa tajiri kuliko sisi hazikufanya hivyo. Mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulipotangaza afya ya msingi kwa dunia nzima, Tanzania ilikuwa imekwisha kuianza.

Rufiji ilishiriki katika mabadiliko hayo kwa namna yake. Mafuriko makubwa ya 1968 yaliifanya serikali iwahamishe wakulima wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vipya vya nchi ya juu, na hoja mojawapo iliyotolewa ilikuwa kwamba watu wakikaa pamoja watapata shule na zahanati. Hoja ilikuwa ya kweli. Lakini mashamba yalibaki bondeni, na wakati wa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe familia zilirudi kukaa madunguni huko, mbali na zahanati, miezi ile ile ambayo mbu ni wengi. Kuhusu kinga, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi kubwa ya umma, na wazee wanaikumbuka mpaka leo. Lakini choo, hata kikichimbwa vizuri namna gani, hakimjibu mtu mwenye mgonjwa mahututi saa nane za usiku.

Hapa ndipo penye mgogoro ambao fikra zetu za wakati ule hazikuushughulikia ipasavyo. Tulijenga ngazi ya rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, Muhimbili. Kwenye karatasi ngazi hiyo ni nzuri. Kwenye ardhi ya Rufiji, kupanda kutoka zahanati ya kaskazini kwenda hospitali ya wilaya kulimaanisha kuvuka mto kwa kivuko, kikiwa kizima na mto ukiruhusu. Hospitali ya mkoa ikawa Tumbi, Kibaha, kiasi kwamba mgonjwa wa Kibiti anayefuata ngazi sawasawa hana budi kwanza kwenda hadi Dar es Salaam, kisha atoke tena Dar es Salaam aelekee magharibi. Wananchi, ambao akili zao hazikufundishwa na chati, walikatiza. Walikwenda hospitali ya misheni ya Mchukwi, iliyo upande wao wa mto, au walipanda basi moja kwa moja hadi jijini, safari ya kilomita zipatazo 140 kutoka Kibiti. Sheria ya 1977 ilipopiga marufuku tiba ya kibinafsi ya kutafuta faida, hospitali za dini ziliachwa ziendelee. Kwa mtu wa kaskazini ya Rufiji huo haukuwa mjadala wa nadharia.

Kisha uchumi ukaanguka. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda mara mbili katika muongo mmoja, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikausha hazina, na kitu cha kwanza kukosekana katika utaratibu wa rufaa kikawa gari na mafuta yake. Dawa nazo ziliadimika, mpaka mpango wa dawa muhimu ulioanza 1983 kwa msaada wa Denmark na UNICEF ulipoanza kupeleka makasha ya dawa zahanati kwa zahanati. Mwaka 1991 tiba ya kibinafsi iliruhusiwa tena, na mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza ada. Watoto chini ya miaka mitano na wajawazito walisamehewa. Nauli haikumsamehe mtu.

Lawama kwa mwanakijiji

Kwa miaka yote hiyo viongozi wengi, na wataalamu wengi pamoja nao, walikuwa na maelezo mepesi ya kwa nini watu wa pwani hufa kwa maradhi yanayotibika: ushirikina. Ilisemwa kwamba mtoto akipata degedege huambiwa amepatwa na jini au ndege, akapelekwa kwa mganga, na akifika zahanati amekwisha. Maelezo haya yanampendeza kiongozi kwa sababu yanaihamisha lawama kutoka ofisini mpaka kwenye kibanda cha mkulima.

Rufiji ndiyo iliyotoa ushahidi dhidi yake. Tangu 1998 wilaya hii imekuwa na uchunguzi wa kudumu wa vizazi, vifo na uhamaji, nyumba kwa nyumba, ambao baadaye uliendeshwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Watafiti walipofuatilia vifo vilivyotokana na malaria mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiuliza kila familia ilikwenda wapi na marehemu wao, walikuta kwamba karibu wanne katika kila watano walikuwa wametafuta matibabu ya kisasa. Wenye degedege ndio waliotumia mganga zaidi kuliko wengine, lakini hata kati yao wengi walitafuta dawa za hospitali. Kwa maneno mengine, walio wengi waliofariki walikuwa wamefanya kile tulichokuwa tukiwahimiza wafanye. Walikwenda, wakachelewa njiani, au wakafika mahali pasipo na dawa iliyotakiwa, au wakapewa dawa isiyotosha wakarudishwa nyumbani.

Kada anayefundisha umma hawezi kuupita ushahidi huu na kuendelea na hotuba yake ya zamani. Wala hauna maana kwamba mila hazina athari. Maana yake ni kwamba familia yenye mgonjwa wa ghafla hupima mambo kwa akili kabisa. Duka la dawa liko karibu na muuzaji hukopesha. Mkunga wa jadi yuko nyumba ya tatu. Zahanati ipo, lakini mhudumu ni mmoja na huenda amekwenda makao makuu kufuata mshahara. Kituo cha afya kiko mbali, na usafiri wa usiku una bei yake. Kuuza jogoo, kuazima kwa jirani, kusubiri bamvua ipande ili mashua itoke: kila hatua ni saa. Tukimwona mgonjwa amefikishwa kwa kuchelewa tunaona matokeo ya hesabu hiyo, na hesabu hiyo sehemu kubwa tumeipanga sisi.

Mradi wa TEHIP, uliofanya kazi Rufiji na Morogoro Vijijini kuanzia katikati ya miaka ya 1990, ulionyesha ni kiasi gani kinaweza kubadilika bila kujenga sana. Timu za wilaya zilipewa takwimu za maradhi yanayoua watu wao hasa, pamoja na fedha kidogo za nyongeza, zikaelekeza bajeti kwenye maradhi hayo. Vituo vya afya vilipewa jukumu la kusimamia zahanati za jirani, na mawasiliano ya redio yakaimarishwa. Wananchi walikarabati zahanati zao kwa nguvu zao. Katika miaka michache vifo vya watoto Rufiji vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Daraja, pikipiki na simu

Mwaka wa 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya Rufiji, na kosa la kijiografia lililodumu tangu enzi ya boma likapungua ukali kwa siku moja. Daraja hilo kwa kawaida huhesabiwa katika taarifa za barabara. Mimi ningelihesabu pia katika taarifa za afya, juu kabisa ya orodha. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Mwaka 2010 Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura, na baada ya 2021, kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, majengo ya namna hiyo yalijengwa katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Kibiti ilipokuwa wilaya kamili mnamo 2016, upande wa kaskazini ulipata mamlaka yake ya afya kwa mara ya kwanza.

Lakini mabadiliko makubwa kuliko yote katika njia ya mgonjwa hayakupangwa na wizara yoyote. Yaliletwa na pikipiki na simu ya mkononi. Bodaboda ndiyo iliyokuja kuwa gari la wagonjwa la vijijini, na mama mjamzito akikaa katikati ya dereva na shangazi yake ni jambo la kawaida. Si usafiri salama kwa mtu anayetokwa damu, ila ndio uliopo. Umuhimu wake ulionekana kwa uchungu mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyowakumba viongozi wa vijiji na askari katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, polisi walipopiga marufuku bodaboda nyakati za usiku. Sababu za ulinzi zilieleweka na kila mtu. Lakini amri moja iligusa usafiri wa wahalifu na wa wajawazito kwa pamoja, kwa sababu vyombo vyao vilikuwa ni vile vile.

Mpango wa m-mama, uliojaribiwa Kanda ya Ziwa kuanzia 2013 na kuenezwa nchini kuanzia 2022, ndio wa kwanza kulitambua jambo hili kitaifa. Ndugu hupiga namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipopatikana dereva wa kawaida aliyeandikishwa huitwa na kulipwa na serikali. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, ilhali ule wa 2015 na 2016 ulionyesha 556. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na makadirio ya namna hii huwa na nafasi pana ya kukosea, lakini mwelekeo wake hauna ubishi.

Mpango huo ni wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mtoto wa miaka minne mwenye malaria kali hayumo, wala mvuvi aliyechomwa na taa, wala mkulima aliyejeruhiwa na mnyama, katika wilaya ambayo simba waliwaua watu zaidi ya 30 kati ya 2002 na 2004. Kwa hao ngazi ya rufaa ni ile ile, na mara nyingi katika nchi yetu ndugu wa mgonjwa ndio wanaoombwa fedha za mafuta. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inashughulikia malipo ya tiba, na mjadala wake umekuwa juu ya kadi na michango. Jinsi ya kumtoa mgonjwa Maparoni usiku maji yakiwa yamekupwa haijapata mjadala wa kiasi hicho.

Mwezi Aprili 2024 mto ulifurika tena, ukafunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, na maelfu wakahama. Watu wengi walibishana kuhusu bwawa la Julius Nyerere na maji yaliyofunguliwa. Wahudumu wa afya walikuwa na kazi nyingine: kuwafuata kwa boti wagonjwa ambao siku chache kabla walikuwa na barabara.